Neno Walilonifichia

Hapa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Moa, watu waliacha kusema kwamba jua limezama. Walisema limekuchwa, au limetua, au walinyamaza tu wakaenda kufungia kuku. Hakuna aliyeitisha mkutano akawakataza. Walianza mmoja mmoja, kwa kunionea huruma, tangu siku mwanangu Sabiha alipokwenda kuvuna mwani asirudi.

Sikujua kwamba neno moja lina kazi nyingi hivyo mpaka nilipoona watu wanavyopata tabu kulikwepa. Siku moja lori la mchanga liliingia matopeni karibu na duka la Masoud, na utingo akaja mbio kuomba watu wa kusukuma.

"Jamani, gari limezama mpaka kwenye—"

Masoud akamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na chupa yangu ya mafuta ya kula.

"Limekwama," Masoud akasema.

"Ndiyo, limekwama," utingo akakubali, huku akijisugua mguu. "Lakini wewe kaka, mbona unaumiza watu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana nilimwona Masoud amekunja uso kwa aibu kama mtoto aliyevunja sahani. Alinijazia chupa mpaka shingoni, akaifunga kizibo mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa kabla ya kunipa.

Jirani yangu Benedikta alipata tabu zaidi, kwa sababu yeye ni mtu wa maneno mengi. Babu yake aliletwa kutoka bara kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini akaolewa huku pwani. Ni Mkatoliki, na mwezi wa Ramadhani ndiye wa kwanza kuniletea kunde za futari. Nilikuwa nikimsikia upande wa pili wa ua wa makuti akimgombeza binti yake.

"Wewe Blessing! Tangu asubuhi umezama kwenye hiyo simu—" Halafu sauti ya chini: "Umelala kwenye hiyo simu. Hebu kafue."

"Silali, mama, nasoma."

"Nimesema umelala!"

Kila asubuhi Benedikta aliniletea uji. Alikaa mpaka nimalize, akachukua bakuli akaliosha yeye, kana kwamba mikono yangu ndiyo iliyougua. Wema wote huo niliuona, hakuna hata mmoja ulionipita. Na kila nilipouona moyo ulizidi kuniuma, kwa sababu watu hawa waliamini wananikinga na jambo nisilolijua. Waliamini kwamba mimi bado nangoja.

Mimi nilimwona Sabiha akizama. Nilikuwa peke yangu ufukweni, na nilimwona tangu mwanzo mpaka mwisho.

Zamani tulilima mwani kwenye maji ya magotini. Unapigilia vijiti viwili mchangani, unafunga kamba katikati, unaning'iniza vipande vya mwani kwenye kamba kama mtu anayeanika nguo, unarudi baada ya wiki sita. Mwanamke yeyote aliweza, hata asiyejua kuogelea, na wengi wetu hatujui. Siku ya kuvuna unajifunga kamba kiunoni, ncha yake ya pili unaifunga kwenye gunia. Gunia linakufuata majini nyuma yako, na mikono yako yote miwili inabaki huru. Mimi nilifundishwa hivyo na wenzangu, na Sabiha alifundishwa na mimi, akiwa msichana wa miaka kumi na tano.

Miaka hii maji ya magotini yamekuwa ya moto. Mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika kabla haujakomaa. Basi wanawake wakasogea mbele, kwanza maji ya kiunoni, halafu ya kifuani, mpaka wakafika ukingoni mwa mkondo, pale chini panapoporomoka ghafla. Vijiti walivihamisha, na kamba za mwani wakazihamisha. Ile kamba ya kiunoni wakaenda nayo vilevile. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kule mbele gunia lililojaa, maji yakianza kuingia, haliwezi tena kumfuata mtu. Litatangulia lenyewe, nalo litamvuta.

Asubuhi ile viganja vya Sabiha vilikuwa vimepasuka kwa chumvi, hakuweza kukaza.

"Nifungie, mama," akasema, akainua mikono juu kama alivyokuwa akiinua utotoni nikimvika gauni la Idi.

Nikamfunga fundo la mara mbili, juu ya kanga yake ya buluu.

"Mama, unataka kunikata vipande viwili?"

"Afadhali likubane kuliko gunia lichukuliwe na maji."

Akacheka. Wenzake wengi siku hiyo walikuwa wamekwenda arusini Horohoro. Aliingia majini peke yake, nami nikabaki juu nikigeuza mwani kwenye kichanja.

Maji yalipoanza kujaa niliinua kichwa nikamwona ameegemea nyuma, kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Gunia lilikuwa limekwisha kuingia mkondoni. Nikapiga kelele, "Fungua! Fungua kamba!" Mikono yake yote miwili ilikuwa kiunoni. Aliniita mara moja tu.

"Mama, fundo!"

Niliingia majini na nguo zangu mpaka maji yakafika shingoni, na wimbi likanirudisha nyuma. Nilipofuta macho hapakuwa na kitu. Bahari ilikuwa imetulia na kung'aa kama sinia lililooshwa.

Watu walipokuja mbio waliniuliza, "Umemwona, Mama Sabiha? Amepotelea upande gani?"

Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa nimeinama."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani niliogopa swali ambalo lingefuata, la nani aliyefunga. Yakishatoka, sikuweza kuyarudisha. Wapiga mbizi walitafuta siku tatu pale kwenye kamba zake, mahali alipokuwa akivuna, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mkondo ulikuwa umekwisha kumchukua. Siku ya tatu, siku ambayo maiti huibuka, hakuibuka mtu.

Mkwe wangu Kombo ni seremala. Si mtu wa kelele. Alimwendea Sheikh Badr akamleta nyumbani, wakakaa barazani, nami nikakaa nyuma ya mlango na mjukuu wangu Jumana miguuni pangu.

"Mwanangu Kombo," sheikh akasema, "angepatikana shahidi mmoja tu aliyemwona akizama, tungemswalia leo hii swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo, na aliyekufa maji Mwenyezi Mungu anampa daraja ya shahidi. Lakini hakuna aliyeona, na mwili haupo. Huyu kwetu ni mtu aliyepotea. Tumngoje, na tumwombee." Halafu akageukia mlango. "Mama, nisamehe kwa neno nililolitaja."

"Hakuna kosa, sheikh," nikajibu. Ningeweza kusema pale pale.

Basi Kombo akangoja, na yeye hakujua kungoja akiwa ameketi. Wiki haikwisha mtu akaja na habari kwamba wavuvi wa upande wa Vanga wameokota mwanamke ambaye hajui hata jina lake. Kombo akapanda bodaboda mpaka Horohoro, akavuka mpaka wa Kenya, akateremka Vanga na picha ya Sabiha mfukoni. Hakumkuta mwanamke yeyote. Lakini Vanga walimwambia ajaribu Shimoni, na Shimoni wakamwambia ajaribu Gazi, na tangu hapo kila Alhamisi alikuwa njiani. Randa yake ikapata kutu. Mlango wa madrasa aliouanza ukabaki umeegemea ukuta, haujapigwa msasa. Alikonda mpaka macho yakaingia ndani, na watu walisema hivyo hivyo, "yameingia," wakichagua neno.

Na mimi kila Jumatano nilimnyooshea shati. Nilimfungia mikate ya kumimina kwenye mfuko. Alfajiri nilimsindikiza mpaka njiani, nikamwambia, "Mungu akufungulie, baba."

"Amina, mama. Rudi ndani, umande utakuumiza miguu."

Safari moja alirudi na chupa ya dawa ya kuchua miguu. Alikuwa ameizungukia soko zima la Msambweni akiitafuta. Akanichua mwenyewe, amepiga magoti sakafuni, na vumbi la safari bado liko kwenye nyusi zake. Nilitazama utosi wake mpaka akamaliza.

Nitasema na hili pia. Kuna siku nilianza kuamini. Kijiji kizima kikisema Sabiha yuko mahali fulani, na mtu anatoka kila wiki kwenda kumtafuta, macho yako mwenyewe unaanza kuyatilia shaka. Jumana alikuwa akimwekea mama yake sahani kila jioni, ameifunika na kawa. Asubuhi tuliwapa kuku. Kuna jioni niliyomwambia, "Mwongeze mchuzi kidogo, mama yako anapenda."

Wiki ya sita, siku ya Jumatano, Jumana alirudi shuleni na daftari lake. Ana miaka minane, na kila jambo analifanya kwa makini, kama baba yake.

"Bibi, mwalimu kasema tuandike vitu kumi. Vitano vinavyoelea, vitano vinavyozama. Na tusinakiliane, kila mtu ajaribu kwao."

Watoto wa majirani walikuwa wameonywa wote. Jumana hakuna aliyekumbuka kumwonya, kwa sababu ni wa nyumbani.

Akajaza beseni maji, akalileta ukumbini, akaanza kuokota vitu. Kifuu, kizibo, msumari wa baba yake, kijiko, jiwe, ndala yangu. Kila kimoja alikishusha polepole, akakiachia, akatangaza kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Kifuu kinaelea. Msumari umezama. Kijiko kimezama. Ndala inaelea. Jiwe, hata kujaribu sijaribu, najua. Haya, limezama."

Neno ambalo kijiji kizima kililichunga wiki sita, mtoto alilisema mara tatu kabla chai haijachemka. Baba yake alikuwa chumbani akipanga mfuko wake wa safari. Nilisikia ameacha kupanga, amesimama.

"Bado vinne," Jumana akasema. "Bibi, mwani unaelea au unazama?"

"Inategemea, mjukuu wangu."

"Mwalimu hataki inategemea."

Akakimbilia ghalani, akarudi na konzi ya mwani mkavu uliobaki kwenye gunia la mama yake. Akautupa ndani ya beseni.

"Unaelea!" Akaandika. Alipomaliza kuandika akatazama tena. Mwani ulikuwa umekunywa maji, umenenepa, unateremka polepole mpaka ukalala chini karibu na msumari. "Aa! Bibi, umezama. Sasa niandike wapi?"

"Andika unazama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno lile kinywani mwangu.

Akafuta kwa kifutio, akaandika upya, akapuliza makombo ya kifutio. "Mtu anaelea," akaniambia, akinifundisha. "Baba kasema. Mama alielea mpaka Kenya, ndiyo maana anachelewa kurudi."

Kombo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, shati nililolinyoosha liko mkononi.

"Kombo, baba," nikasema, "kesho usiende."

"Kuna mvua, mama?"

"Hakuna mvua. Njoo ukae."

Akakaa kwenye kigoda, karibu na beseni.

"Sabiha alizama," nikasema. "Siku ile ile."

"Nani kakwambia, mama? Nani kaja hapa kukwambia?" Alikuwa tayari kusimama kwenda kugombana na mtu kwa ajili yangu.

"Sikuambiwa. Nilimwona."

Nikamweleza viganja vilivyopasuka, na kamba, na kwamba mimi ndiye niliyefunga. Nikamweleza gunia lilivyoingia mkondoni, na mimi nilivyoingia majini. Nilieleza mpaka mwisho bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Jumana alikuwa amekumbatia daftari lake.

"Alikuita, bibi?"

"Aliniita."

"Alisemaje?"

Ningeweza kumwambia kwamba alimtaja yeye. Mtu mwingine angefanya hivyo, na labda ingekuwa huruma. Lakini uongo wangu ulikuwa umekwisha kula watu vya kutosha.

"Alisema, Mama, fundo."

Chai ilichemka ikamwagika jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Wiki sita, mama," Kombo akasema mwisho. "Wiki sita unaninyooshea shati."

Aliinuka akatoka nje, na mlango aliurudisha taratibu kwa mikono miwili, usibamizike. Hata saa ile alikumbuka kwamba mlango ukibamizwa mimi hushtuka.

Asubuhi Kombo alikuja na watu, wakanipeleka ufukweni nikawaonyesha kwa kidole. Wapiga mbizi wakaingia mkondoni, mahali ambapo wangeingia siku ya kwanza kama ningesema. Hawakukaa sana. Walipandisha gunia lililokuwa limenasa kwenye mwamba, mwani ndani yake umeoza umekuwa kama uji mweusi. Walipandisha na kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na duara la kiuno cha mtu, na nyuzi za kanga ya buluu zimeshikamana nalo. Ndani ya duara hapakuwa na kitu. Maji na samaki walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao. Fundo langu lilikuwa bado limekaza.

Kombo alilichukua, akajaribu kulifungua kwa kucha, halafu kwa meno. Halikufunguka. Akalikunja akalitia mfukoni, kwenye mfuko ule wa picha.

Walimswalia Sabiha swala ya ghaibu baada ya Alasiri. Sheikh Badr alipotoka alipita nyumbani, akanisalimia, akaniambia Mungu ni mwingi wa rehema. Alisema hivyo huku anatazama nguzo ya baraza. Sikumlaumu. Watu waliokuwa wakinikinga sasa walijua kwamba nilikuwa nimejificha nyuma yao.

Kesho yake asubuhi Benedikta alileta uji kama kawaida. Aliweka bakuli kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nina kazi, mama."

Bakuli niliosha mwenyewe. Lakini uji alileta, na ulikuwa na sukari.

Ulipokwisha msiba Kombo alifunga vifaa vyake vya useremala. Ana kaka yake Pongwe mwenye karakana, watakaa huko, na Jumana atasoma huko. Hakuniuliza, na sikuwa na haki ya kuulizwa. Mlango wa madrasa aliumaliza kwanza, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu, akaenda kuupachika. Siku ya kuondoka aliinama akanishika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu awafikishe."

"Dawa ya miguu iko dirishani. Imebaki nusu."

Jumana alipanda pikipiki katikati ya dereva na baba yake, mkoba wa shule mgongoni. Alinitazama mpaka walipopinda kwenye duka la Masoud. Hakulia wala hakupunga. Alinitazama kama alivyolitazama lile beseni, anangoja kuona kama kitu kitabaki juu.

Hawajaja tangu hapo. Kombo hupiga simu mwezi ukiandama, anauliza afya yangu. Nikimwomba nizungumze na Jumana, anasema analala, hata iwe saa nne asubuhi.

Baada ya msiba wanawake waliacha kujifunga kamba kiunoni. Ilikuwa wiki mbili. Magunia mawili yakachukuliwa na maji, kazi ya miezi miwili ikaenda. Wiki ya tatu nikamwona mmoja amejifunga, halafu wa pili, na sasa wamejifunga wote. Nikiwasemesha wananijibu kwa adabu, "Tunafunga la kulegea, mama, la kuvuta mara moja." Nawashika viuno mmoja mmoja kabla hawajaingia, nalijaribu kila fundo. Wananiachia, mikono juu. Wengine mafundo yao si ya kulegea. Nafungua, nafunga upya, na najua wakifika mbele watakaza tena.

Na lile neno limerudi. Utingo akikwama matopeni analisema lote, na Masoud hamkanyagi mtu mguu. Blessing anaambiwa amezama kwenye simu, kwa sauti ya kufika mpaka kwangu. Hakuna tena cha kunifichia.

Juzi jioni nilikuwa kwenye kichanja, na Benedikta alikuwa amekwisha kutoka majini, anajikamua kanga.

"Jua limezama, Mama Sabiha," akaniita. "Twende."

Nikamwambia atangulie. Walioingia walikuwa saba, na waliotoka nilikuwa nimehesabu sita.